Msuko wa Alhamisi

Kila Alhamisi Bi Zuhura alikwenda kwenye mahabusu ya wahamiaji, kukaa na mtu asiye na ndugu wa kumtembelea. Kwa miezi mitatu mtu huyo alikuwa Nabintu, msusi aliyekamatwa mpakani bila karatasi. Siku hiyo Nabintu hakutaka kuzungumza. Alikuwa ameambiwa asubuhi kwamba kesi yake imeahirishwa tena.

"Mikono yangu imeanza kusahau kazi, mama," alisema mwishowe.

Bi Zuhura akavua mtandio, akafumua nywele zake za mvi, akageuza kiti na kumpa mgongo. "Basi nisuke, mwanangu."

Nabintu alimtazama askari wa kike aliyekaa mlangoni.

"Chanuo marufuku," alisema askari. "Vidole havijakatazwa."

Vidole vilianza kwa woga, kisha vikashika kasi, na Nabintu akawa anasimulia saluni yake, na wateja waliokuwa wakisinzia mikononi mwake.

Muda ulipokwisha, upande mmoja tu ulikuwa umesukwa.

"Nifumue?"

"Acha. Utamalizia Alhamisi."

Bi Zuhura alitoka getini, mtandio mkononi, akakatisha katikati ya soko, nusu ya kichwa imesukwa, nusu inapeperushwa na upepo.