Unyevu Kwenye Sefu la Baba

Elridge Verret alikuwa na tambo lake pale gatini, mbele ya wawindaji waliotaka kumsikiliza na wale wasiotaka: kwamba huku kusini mwa Louisiana, ambako hata mkate unatoka jasho, kutu ikifika mlangoni kwake hubisha hodi, haijibiwi, ikaenda zake kwa jirani.

Ndiyo maana binti yake Leonie alianza kwa kucheka. Alikuwa amefungua sefu la bunduki chumbani kwa wazazi wake, akakuta mshale wa kipimo cha unyevu umelala kwenye wekundu. Kwenye mtutu wa shotgani ya kaka yake kulikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa, kama mtu kanyunyiza pilipili.

"Baba, yule mgeni wako kabisha hodi," alisema. "Na naona kafunguliwa."

Elridge hakucheka. Alipitisha kidole juu ya mtutu, akakitazama, akakifuta kwenye suruali.

"Bunduki hii haitoki nyumbani mpaka mshale ushuke."

"Baba, Jumamosi msimu wa kuwinda mabata unafunguliwa."

"Kalenda naijua, mwanangu."

Shotgani ilikuwa ya Garland. Januari mashua yake ilipinduka kwenye kinamasi, na viatu vyake virefu vya mpira vikajaa maji. Bunduki ilionekana mapema, imekwama kwenye matete. Garland alionekana baadaye. Jioni ile Elridge aliifungua bunduki kipande kwa kipande, akaikausha, akaipaka mafuta, yeye mwenyewe akiwa bado hajavua nguo zilizolowa.

Siku ya maziko, watu wakiwa bado na bakuli za mchuzi wa gumbo mikononi, Leonie alisimama akasema msimu ukifunguliwa atakaa yeye mahali pa kaka yake, kando ya Baba, na bunduki ileile. Si nyingine. Elridge aliitikia kwa kichwa. Na Verret akishaitikia mbele ya watu, maneno yamekwisha.

Kwenye kitako cha bunduki palikuwa na sehemu iliyong'aa, pale shavu la Garland lilipozoea kulala. Leonie alitaka kulaza la kwake hapohapo. Hilo tu.

Basi akaanza vita. Punje za kunyonya unyevu zilizokaa ndani ya sefu zilikuwa bluu zikiwa kavu, waridi zikishiba. Alizioka kwenye oveni ya mama yake mpaka zikarudi bluu. Kesho yake zilikuwa waridi kama masikio ya mtoto mchanga. Akanunua fimbo ya umeme ya kupasha hewa ndani ya sefu. Asubuhi akakuta plagi imechomoka. Akabadilisha mpira wa mlango. Akatoa mikoba yote ya bunduki, maana hata mtoto wa huku anajua kwamba bunduki hailazwi sefuni ndani ya mkoba wake, sponji inanyonya maji kama mlevi. Mshale ukabaki palepale, hauna habari naye.

"Sefu lako linatoka jasho kuliko mjomba Clovis kanisani," alimwambia baba yake.

"Hewa ya mwaka huu nzito."

"Hewa ndiyo imechomoa plagi?"

Elridge alikohoa. "Muulize mama yako. Ndiye anayefagia huko."

Mama yake, Odile, alikuwa jikoni, akikoroga sufuria. Hakugeuka.

"Mie nafagia sakafu, mitambo yenu siijui," alisema. "Na hiyo bunduki iacheni ioze. Chuma kikioza hakuna anayevaa nyeusi."

Leonie aliacha utani. Tangu Januari mama yake hakupita mbele ya sefu lile bila kugeuza uso, ingawa nambari za kulifungua alizijua vizuri kuliko wote, zilikuwa tarehe ya ndoa yake. Leonie alikuwa amepata jibu: ni Mama.

Ijumaa alisugua vidoa vyote, akaipaka bunduki mafuta, akarudisha punje zikiwa bluu na bado za moto, akafunga sefu kwa mkono wake. Mshale ulianza kushuka. Akaaga kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anakwenda kazini, kwenye duka la chambo. Aliendesha hadi kona ya kwanza, akaegesha gari, akarudi kwa miguu kupitia uani, viatu mkononi.

Njiani alipanga maneno. Hatamfokea. Atamkumbatia kwanza, amwache alie anavyotaka, halafu ndipo atamwomba: Mama, niachie hii moja.

Jikoni hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa inatokota peke yake. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa umerudishwa nusu, na nyuma yake mtu alikuwa anakamua kitu majini, taratibu, kama hataki kusikika.

Leonie akausukuma kwa kidole.

Aliyepiga magoti mbele ya sefu, mgongo kwa mlango, beseni la maji ubavuni, alikuwa Elridge. Alikuwa anaizungushia shotgani ya Garland taulo bichi, akilibana vizuri pembeni, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Ubao wa sakafu ulilia. Elridge hakugeuka.

"Odile," alisema, "jioni umwambie wewe kwamba kesho hatuendi kinamasini. Mimi akinitazama nitamchukua twende."