Kumkosha Mfalme

Mahfoudh mwenyewe hakatai: siku ile mjinga alikuwa yeye. Mtu mzima wa miaka sitini na mbili, mstaafu wa wizara, kalala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni kwake, mtaa wa Al Khoudh, mikononi kavaa zile glovu nene za kutolea keki kwenye oveni, akibembeleza kitu nyuma ya mashine ya kufulia.

"Mfalme! Njoo, bwana. Njoo, usiniaibishe."

Mfalme ni nyoka wa Noof, binti yake wa pekee, mwalimu wa sayansi. Nyoka wa kufugwa, asili yake Marekani, wa jamii ile inayokula hata nyoka wenzake, ndiyo maana wakaitwa wafalme. Sumu hana. Noof humvaa shingoni kama mkufu huku anasahihisha madaftari. Mahfoudh humtazama kutoka mlangoni, tena kwa jicho moja, la pili kalifumba.

Jana yake, adhana ya magharibi imeshakwisha, Noof alipakia gari kwenda mji wa Nizwa kwenye semina ya siku mbili. Alikuwa amenuna. Alikwisha kumwambia babake kwamba anahamia Ruwi, upande wa pili wa mji, kapata fleti. Sababu hakuitaja, lakini Mahfoudh aliijua. Mwaka uliopita aliachiwa paka, akasahau geti wazi, paka akaishia barabarani. Tangu hapo mtoto hamwachii kitu, hata chungu cha maua. Na tangu mamake Noof afariki, nyumba ile ina sauti mbili tu. Ikiondoka moja, itabaki ya redio.

Kwa hiyo Noof alipotoa kichwa dirishani mwa gari akasema, "Baba, kamba nakuachia wewe. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Nusu saa inatosha," Mahfoudh nusura alie. Kwao, tangu enzi za bibi yake Unguja, jua likishazama nyoka hatajwi kwa jina, asije akadhani anaitwa. Husemwa kamba. Noof huicheka ada hiyo, lakini huifuata.

Asubuhi alipoingia chumbani kwa mtoto alikuta taa ya joto imezimika, kifuniko cha sanduku la kioo kimekaa upande, na sanduku tupu.

Kwanza paka, sasa huyu! Alipekua kabati, viatu, foronya za mito. Alikung'uta mazulia. Ilipofika saa nne akasikia mkwaruzo jikoni, kama samaki anayeanza kukaangwa, na jiko halijawashwa.

Alikuwa kajikunja nyuma ya mashine. Ila huyu ana rangi ya mchanga, na Mahfoudh, kwa lile jicho lake moja, alikumbuka pete nyeusi na nyeupe. Akampigia Wesley, Mkenya wa duka la wanyama kule Ruwi, ndiye aliyemuuzia Noof.

"Rangi imefifia? Hiyo ni kawaida, mzee. Anataka kujivua ngozi. Muoshe na maji ya vuguvugu, itamsaidia."

"Ndivyo alivyoniambia mwanangu! Na akiuma?"

"Huyo? Atakukwaruza tu, hana sumu. Ni mpole kuliko mudiri wa duka letu. Mshike tu, mzee, usiogope."

Mahfoudh akapiga bismillahi, akamshika. Mfalme alirusha kichwa mara mbili, meno yakanasa kwenye pamba ya glovu.

"Hasira za nini? Alotoroka nani, mie au wewe?"

Akamtia kwenye beseni lenye kifuniko, akakaa ubavuni pake nusu saa, jicho kwenye saa ya mkononi. Ili kumpoza, alimsimulia Noof alivyokuwa mdogo, alivyokuwa hakubali kulala mpaka babake amkune mgongo. Kisha akamrudisha kwenye sanduku, akawasha taa, akapandisha juu ya kifuniko matofali mawili na sufuria ya pilau. Akaketi chini, kanzu imelowa jasho. Hakukumbuka mara ya mwisho kujiona mtu wa maana kiasi kile.

Baada ya alasiri simu ikalia.

"Baba, mwenye fleti anataka nisaini Jumapili."

"Usisaini."

"Tumeshazungumza hayo."

"Hatujazungumza. Umesema wewe, mie nkasikiliza. Unaniona mtu wa kuachiwa kitu nkakipoteza."

"Na paka je?"

"Paka nilikosa, nakiri. Kila nikipita pale getini nakiri. Lakini niulize leo! Mfalme nimemkosha mwenyewe, kwa mikono hii. Maji ya vuguvugu, nusu saa kamili, vilevile ulivyoniagiza. Kanirukia mara mbili kwa meno, sikumwachia. Hivi sasa kalala kwenye kioo chake kama bwana harusi. Nani mwengine angekufanyia hayo, Noof? Huko Ruwi nani? Hebu sema, nani?"

Upande wa pili kimya. Mahfoudh akatabasamu. Miaka thelathini ya vikao vya wizara ilimfundisha kukijua kimya cha mtu aliyeishiwa hoja.

"Baba," Noof akasema polepole, "Mfalme nnaye mimi hapa Nizwa, yuko mapajani mwangu. Kamba niliokuachia ni kamba wa baharini, wamo kwenye friza, wa biriani yako. Toka humo ndani, ufunge mlango, halafu uniambie: huyo uliyemkosha ni nani?"