Kidole cha Rangi ya Waridi

Kidole kilichomchagua Ndung'u kilikuwa na rangi ya waridi.

Zacheus alikiona kwa macho yake mawili. Alikuwa amechuchumaa matopeni nje ya mji wa Kericho, mikono kichwani, pamoja na wanaume wengine zaidi ya mia, na ile mvua ya kila alasiri ilikuwa imeanza kumwagika bila huruma. Ulikuwa mwaka wa 1954, Hali ya Hatari imepamba moto, na wanaume wote wa Kikuyu wa mjini walikuwa wamekusanywa wachujwe, waasi wajulikane. Mbele yao alipita gakunia, mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, ndani ya koti la askari lililoburuzika kwenye buti. Akikunyooshea kidole, umekwisha.

Gakunia alifika kwa Zacheus, akasimama. Akasimama tena sana. Kisha yule mtu akaingiza mkono chini ya gunia, akajipangusa uso, akasonga hatua moja hadi kwa Ndung'u, mdogo wake Zacheus. Kwenye mkono wa lile koti zikachomoza ncha za vidole tu. Zilikuwa za waridi, waridi hafifu, zikidondosha maji. Kidole kimoja kikanyooka.

Kitako cha bunduki kilimpata Ndung'u mdomoni kabla hajasema neno. Walimpiga mpaka meno yakabaki matopeni na miguu ikavunjika, wakamtupa kwenye lori kama mzigo wa kuni. Siku ya tatu ikaja habari kwamba alijaribu kutoroka, akapigwa risasi. Kutoroka! Kijana aliyevunjwa miguu yote miwili!

Haya, Kericho nzima ni nani aliyekuwa na rangi ile? Ni Gichuki, fundi wa mabango. Tangu Januari alikuwa na kazi moja tu, ya kampuni ya majani ya chai iliyojiita Asubuhi Njema. Bwana wao wa matangazo alikuwa amesema watu wamechoka na nyekundu na nyeusi, kwamba wakati wa hofu mtu hununua rangi tulivu. Basi Gichuki akamimina rangi nyeupe debeni, akadondosha nyekundu tone kwa tone, akikoroga, akichungulia, mpaka akapata waridi kama ufizi wa mtoto mchanga. Akapaka milango ya maduka, mikebe, hata gari la kampuni. Aliyenunua pakiti tatu alipewa kitambaa cha kichwa cha rangi iyo hiyo, bure, na wanawake walivigombania. Hata Wakonyo, mke wa Zacheus, alikuwa nacho.

Na siku ya mchujo, Gichuki hakuwa kwenye mstari. Zacheus alikumbuka hilo, damu ikamchemka.

"Ndiyo maana alisita kwangu," alijiambia. "Aliona haya. Tumekula naye sahani moja."

Wakonyo alimwona akichukua nyundo ya useremala. Alikuwa amemlilia shemeji yake mpaka sauti ikamkauka, hata chakula hakuonja.

"Baba Wamuyu, unaenda wapi na hiyo?"

"Kazini."

"Usiende. Nakuomba. Ndung'u hatarudi."

"Najua hatarudi," alisema Zacheus, akatoka.

Alimkuta Gichuki kwenye kibanda chake, ameinamia bango.

"Karibu, ndugu yangu. Pole tena kwa yaliyo—"

"Weka mikono mezani nione."

Gichuki akaiweka, akicheka kidogo, hajaelewa. Ilikuwa ya waridi mpaka ndani ya kucha.

"Ni kipi ulichomnyooshea Ndung'u? Hiki?"

Nyundo ikashuka. Kidole kikapasuka, Gichuki akapiga yowe na kuanguka na kiti chake.

"Si mimi! Mungu wangu, Zacheus, siku hiyo nilikuwa Mogogosiek, napaka duka! Uliza mtu yeyote!"

"Nilikiona kidole, mwongo wewe! Waridi yako ilikuwa inadondoka!"

"Yangu haidondoki! Ni rangi ya mafuta, mvua haiwezi kui—"

Lakini Zacheus hakuwa na masikio tena. Alimpiga bega, akampiga taya. Gichuki alipoinua mikono kujikinga, akaipiga nayo mikono. Pigo la mwisho lilimpata kwenye paji la uso, na mguu wa Gichuki ukarusha teke moja lililopindua debe. Waridi ikatambaa sakafuni. Damu ikaingia humo tone kwa tone, rangi ikakolea, ikakolea, mpaka haikuwa tulivu tena. Zacheus alisimama akihema, akalia machozi ya furaha, ndiyo, ya furaha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori.

Mvua ilimnyeshea njia nzima ya kurudi nyumbani. Alimkuta Wakonyo amesimama nje ya mlango, amelowa chepechepe, akimngojea. Macho yake yalikuwa kwenye nyundo.

"Umefanya nini, Baba Wamuyu?"

"Nimemmaliza Gichuki. Ndiye alikuwa ndani ya gunia. Ndung'u sasa alale."

Wakonyo alivuta kitambaa kutoka kichwani, kile cha pakiti tatu, akajiziba nacho mdomo. Maji ya waridi yalikuwa yakimtiririka shingoni, na mengine yakidondoka kwenye ncha za vidole vyake.

"Askari walitaka mmoja wa nyumba hii," alisema. "Nikafika kwako, nikashindwa."