Nafasi Kando ya Sheikh

Nilikuta nafasi wazi kando ya sheikh, nikaikalia kwa furaha.

Nilikuwa mgeni Bagamoyo, na mji ulikuwa umenilevya. Asubuhi ile nilipita sokoni nikasikia lugha nisizozijua hata majina. Sasa nimo msikitini, kwenye darsa ya mashairi niliyoiota tangu nikipalilia mihogo kwetu Miono.

Darsa nzima ikanigeukia.

"Mwinshehe," sheikh, niliyemtajia jina langu mlangoni, akaniita kwa upole, "anayeketi hapo ndiye anayetusomea leo. Akikwama, hurudi chuo cha Kurani kukaa na watoto."

Mtu akacheka nyuma yangu. "Mkwere wa shamba huyo! Na arudi mlangoni, kwenye viatu."

"Unaweza kurudi," sheikh akasema. "Hukujua, na asiyejua halaumiwi."

Nilitazama marufaa iliyokuwa mbele yangu. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa juu yake, utenzi mrefu kwa herufi za Kiarabu, wino mweusi na vituo vyekundu. Herufi nilifundishwa chuoni kwetu, lakini tenzi nilizijua kwa kusikia tu. Sijapata kukaa karibu hivi na utenzi ulioandikwa, hata nikaunusa wino wake.

Nikainamisha macho. Mkeka ulikuwa umelika pahala pawili, vishimo viwili vya magoti ya wote waliosoma kabla yangu. Ukindu wake umelainika, unang'aa kama uliopakwa mafuta.

Nikajisogeza mbele. Magoti yangu yakaingia sawasawa.

"Nianzie wapi, sheikh?"