Mwezi wa Ufani

Tangu mji ufunikwe kwa paa la picha za mbingu, mwezi wa Idi huandama kwenye paa, saa iliyopangwa. Bi Saada na mumewe Makame, ambaye haoni, hawakuuamini. Walipanda darini kutazama mbingu yenyewe kupitia ufa wa paa hilo upande wa magharibi, ulioleta na upepo.

Jana, wakiwa na funga ishirini na nane tu, mwezi wa paa uliwaka. Majirani wakapiga vigelegele. Ufani hamkuwa na kitu.

"Umeuona?"

"Bado."

"Basi kesho tunafunga," alisema Makame.

Leo magharibi walipanda tena. Ufa ulikuwa umezibwa.

"Umeuona, mke wangu?"

Bi Saada alimshika mkono. "Ule pale. Mwembamba, umeinama kidogo."

Makame aligeuza uso huku na huku, akiutafuta upepo. Kisha akatulia.

"Idi njema, Saada."