Saa Moja ya Angani

Siku hizi ndege ya Mbeya hadi Auckland ni saa moja tu kwa abiria, ila kwa wanaobaki nyumbani ni miaka mitatu. Nilijua, nani asiyejua? Lakini baba alikuwa mahututi kule, akaniita. Nikamwachia mume wangu, Ambakisye, mwanetu anayenyonya.

Nilikuta kaburi limeshaota nyasi. Nikageuza na ndege ileile.

Niliposhuka Mbeya, maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu. Ambakisye alinipokea na mvi zake. Kando yake mwanamke nisiyemjua alimshika mkono mvulana mwenye sare za shule.

"Mwamkie mama yako," Ambakisye akamwambia.

Mtoto akamtazama yule mwanamke, akashangaa.

"Mbona nimeshamwamkia asubuhi?"