Nyama ya Mgeni

"Babu, weka nyama hapo mlangoni, tumfungulie mgeni wetu," daktari wa wanyama alimwambia mlinzi wa mbuga.

Ndani ya sanduku la chuma, chui aliyeletwa kwa ndege kutoka ng'ambo alikuwa akihema. Miaka thelathini mbuga ile haikuwa na chui hata mmoja. Kila mtu aliamini ni ugonjwa uliowamaliza.

Mlinzi alishika paja la mbuzi, akalinusa. Miaka thelathini iliyopita, paja kama hilo alilitia sumu mwenyewe kuwategea fisi, na asubuhi akamkuta chui jike wa mwisho wa mbuga na watoto wake wawili, povu mdomoni. Aliwazika peke yake.

Akachomoa kisu, akakata kipande kibichi, akatafuna.

"Babu, njaa gani hiyo!" daktari akacheka.

Mzee akameza, akakaa chini kusubiri tumbo lake liseme.

Daktari akaacha kucheka.